Sarafu Yangu Haikuwa na Mstari

Siku ya soko iliyopita, hapa Mweso, mama mmoja anayeuza unga wa muhogo alinishika mkono nilipokuwa napita na kitunga changu. Alikuwa amesikia kwamba kuna msichana anayekusanya makuta, sarafu za zamani, zile za wakati wa Wabelgiji yenye tundu katikati, na kwamba msichana huyo anajua kusoma alama zake. Alifungua ncha ya kitenge, akatoa sarafu iliyofungwa humo, akaiweka kiganjani mwangu polepole, kama mtu anayemkabidhi muuguzi mtoto anayeumwa.

"Nilikuta hii ndani ya bintu bya mama yangu, kisha kumuzika," alisema. "Angalia pale ku nyota. Muntu amekatakata. Inasema nini?"

Niliangalia. Kuzunguka tundu ilikuwepo ile nyota ninayoifahamu, na karibu na ncha moja mtu alikuwa amekwangua mistari mifupi iliyolala upande mmoja. Nilitaka kuigeuza, lakini wakati huohuo chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilipita nyuma yetu ikiteremka na mzigo wa mbao, mwenye nayo akikanyaga breki kwa nguvu zote, na harufu ya mpira unaoungua ikanijia puani. Sarafu ilikuwa mkononi, harufu ile puani. Kwa kitambo sikuwa sokoni tena.

"Niachie mpaka soko lingine," nilimwambia yule mama. "Sipendi kusema kitu kabla sijawa na hakika."

Hilo ni kweli, na ni ugonjwa wangu. Mimi ni mtu anayefunga mlango, akaenda, akarudi kuujaribu. Nikiandika ujumbe wa simu wa kumwambia rafiki nitachelewa, naufuta na kuuandika upya mpaka nachelewa kweli. Mambo ya sarafu nimejifunza peke yangu, kwa picha ninazozifungua mtandao ukipatikana. Huko nje kuna watu wanaokusanya sarafu za kale kuliko hizi zetu, za wafalme ambao pua zao zimekwisha kwa kushikwashikwa, nao wanabishana juu ya nukta moja au kimwezi kidogo pembeni: aliigonga mfua sarafu, au mfanyabiashara aliyetaka kujua kama ni fedha safi, au ni jembe tu la mkulima aliyeifukua? Nasoma mabishano yao kama wengine wanavyofuata mpira. Na kwa sababu hakuna mwalimu aliyenifundisha, kila siku naogopa kwamba atatokea mtu aliyesoma, aangalie kikopo changu cha sarafu, aniambie kwa upole kwamba nimekosea tangu mwanzo.

Uoga huu naujua ulikoanzia. Nyinyi wa rika langu, mliokulia kwenye vilima hivi na mnaokumbuka kulala na viatu miguuni, tayari kukimbia vita, mtanielewa haraka kuliko wengine.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, upande wa Masisi, mahali ambapo barabara ya Pinga inaonekana ikishuka na kupanda kabla ya kumezwa na miti. Papa alikuwa mtu wa chukudu. Alichonga mwenyewe mbao zake, magurudumu yake, usukani wake, akabeba magunia ya maharagi na makaa ya watu, akiisukuma kwenye mlima na kuipanda kwenye mteremko. Mama alitoka Walikale, kijiji cha Mpofi, akaolewa huku kwenye baridi, na mpaka leo analalamika kwamba kwetu chungu hakichemki kama cha kwao. Tulikuwa watoto watatu: yaya Bahati, mkubwa wetu, kisha dada yangu Neema, kisha mimi. Na alikuwepo Koko, mama wa Papa. Sarafu zilikuwa za Koko.

Sijui kama ilikuwa desturi ya kilima kizima au ya Koko peke yake. Mtoto wa nyumba yetu alipoota jino la kwanza, Koko alichukua sarafu yenye tundu, akaibana kati ya vidole vya mguu, akaichora alama kwa tupa, kisha akaipitisha uzi na kuifunga kiunoni mwa mtoto. Mtoto aliivaa mpaka meno ya utoto yang'oke yote. Baada ya hapo ilitundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya mafiga, ikae na wenzake katika moshi. Padri alilijua jambo hilo na hakusema kitu. Koko ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye misa, angemwambia nini? Sarafu zenyewe alizileta babu zamani, alipokuwa anafanya kazi ya barabara. Zilipoacha kununua chochote, Koko aliziweka kwenye kopo la maziwa akazipa kazi nyingine.

Mwaka huo nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kusoma. Mtu akizoea kusoma anasahau hali ile ya mwanzo, jinsi dunia inavyoanza kusema ghafla, kila upande, bila kuulizwa: mfuko wa sementi unasema, kopo la nyanya linasema, mgongo wa tisheti ya jirani unasema. Nilikuwa siwezi kupita mbele ya kitu kilichoandikwa bila kukisoma mpaka mwisho. Basi nilipoinua macho mchana mmoja wa mvua, wengine wakibambua maharagi, nikaona zile sarafu ukutani na mikwaruzo yake, niliona wazi kabisa kwamba hayo pia ni maandishi, na kwamba hakuna aliyejisumbua kuyasoma.

Nikazishusha. Nilizisugua kwa majivu mpaka nyota zikang'aa, nikazipanga kwenye ungo wa Koko, nikafunika kila moja kwa kipande cha karatasi ya mfuko wa sementi na kupitisha kaa juu yake. Alama zikatokea juu ya karatasi, nyeupe ndani ya weusi. Hakuna aliyenionyesha kufanya hivyo. Baadaye nilipoona kwenye simu kwamba wakusanyaji wakubwa nao hufanya vile vile, nilibaki nikiangalia ile picha muda mrefu.

Bahati alisimama juu ya kichwa changu, mdomo umejaa muhogo.

"Dokta wa makuta," alisema. "Soma basi yangu. Inasema leo nitakula nini?"

"Inasema utakula sombe ya majani ya muhogo."

"Hiyo hata mbuzi anaijua. Njo tunakulaka kila siku."

"Basi si nimesoma vizuri?"

Koko alicheka bila kuinua macho kwenye maharagi yake. Sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuona kanuni. Sarafu ya Papa ilikuwa na mstari mrefu uliokata ncha ya juu ya nyota, na mistari mingine midogo kando. Ya Bahati ilikuwa na mstari uleule mrefu. Ya Neema pia, na mwingine mfupi chini yake. Lakini ile ambayo Koko alimpa Mama siku alipoingia nyumbani kama bibi harusi ilikuwa laini, haikukatwa popote. Nikajiuliza kwa nini, na dakika hiyohiyo nikajijibu: Mama alitoka Walikale. Mstari mrefu maana yake ni mtu aliyezaliwa wa nyumba hii. Nilijaribu kanuni yangu juu ya kila sarafu ya ukutani, hata za shangazi zangu, nayo ikakubali kila mara. Anayependa mambo yakae sawasawa anaijua furaha ile, inapanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

Kisha nikafungua uzi wa kiunoni mwangu.

Nilikuwa nimeivaa tangu nilipokuwa sijui kutembea, na sikuwahi kuiangalia kama kitu cha kusomwa. Haikuwa na mstari. Niliisugua tena, nikafikiri ni uchafu. Hakuna mstari. Badala yake, kuzunguka tundu kulikuwa na mikwaruzo ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama nyayo za mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Ukingoni palikuwa na mkato mmoja mbaya, wa kina. Na upande wa nyuma ilikuwa nyeusi. Siyo weusi wa moshi, ule unatoka kwa majivu. Huu ulikuwa umeingia ndani; nilisugua na majivu, nikasugua na ndimu, ukabaki.

Sikumwuliza mtu. Hilo ndilo ninalolifikiria mara nyingi kuliko yote. Koko alikuwa hapo hapo, ningenyoosha mkono ningemgusa goti. Lakini anayeuliza hupewa jibu, na mimi nilikuwa naogopa jibu. Kwa hiyo nilisoma. Hakuna mstari: siyo wa nyumba hii. Miviringo: alizungukazunguka mpaka akaokotwa. Weusi: kilio, maana mjane wetu wa jirani alivaa kitambaa cheusi, kwa hiyo aliyenizaa amekufa. Mkato sikuweza kuusoma, na hilo liliniudhi hata katikati ya hofu yangu.

Ushahidi mwingine ulikuja wenyewe. Bahati alizoea kunitania: "Weye tulikuokota ku njia ya Pinga, ndani ya kitunga ya ndizi. Mama alikuwa anataka ndizi." Zamani nilicheka. Tena, Bahati na Neema walizaliwa nyumbani, mikononi mwa Koko, kila mtu aliihadithia siku yao. Jirani akiuliza juu yangu, Mama alijibu neno moja, "Njiani," kisha akaanza kuongea habari za mvua, na Papa akatazama miguu yake.

Njiani. Watu huokotwa njiani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, katekista alisimama mbele akiwa na uso wa furaha.

"Siku ya posho mama mumoja wa shirika atakuja hapa ku kanisa," alisema. "Bale bote banalea mutoto asiyekuwa wao, mutoto alipotea wakati wa kukimbia, bamulete. Batapiga picha, batatafuta familia yake, mutoto arudie kwao. Tumushukuru Mungu."

Wamama waliitikia amina. Nilihesabu vidole vyangu vya miguu ili nisilie. Siku ya posho ni Jumamosi. Nilikuwa na wiki moja ya kuwafanya wabadilishe mawazo.

Nilijua njia moja tu: kutokukosea. Familia hairudishi mtoto ambaye hakosei. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena kinyume ili alama za ufagio zilale upande mmoja. Nilileta maji ya mtoni bila kumwaga tone, nikitembea kama mtu aliyebeba mayai. Nilichambua maharagi kwa rangi. Shuleni nilichana karatasi nzima kwa sababu ya herufi moja iliyoinama, nikaanza upya, na mwalimu akaita jina langu wengine wakiwa wamekwisha kutoka. Usiku uliponikuta nimechoka nilifurahi, maana siku ilikwisha bila kosa.

"Huyu mutoto iko na nini?" Koko alimwuliza Mama siku moja, akiinua sufuria kwenye mwanga. "Angalia, ameosha mpaka inataka kutoboka."

Mama aliniwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso. "Homa hakuna," alisema. "Acha, Koko. Itapita. Neema, si uangalie mudogo wako anavyofanya kazi?"

Neema aliniangalia kwa chuki ya kweli. "Minasema hivi," alininong'oneza tulipotoka nje, "ukifagia tena kesho, nitakupiga na ile ufagio."

Siku ya posho ilifika, na hakuna aliyesema lolote juu ya kunipeleka. Papa aliondoka mapema na chukudu. Mama alikwenda shamba na Neema. Niliwaelewa: walinihurumia, hawakuweza. Basi nikafikiri kwamba mtoto mwema kabisa hangojei watu wateseke kwa ajili yake, anajipeleka mwenyewe. Niliosha miguu, nikavaa gauni la misa, nikafungua uzi, nikakunja sarafu kwenye ngumi.

"Ninaenda ku kanisa," nilimwambia Koko mlangoni.

"Enda," alisema. "Umuombe Mungu atupe jua. Maharagi inaoza."

Nilitaka kumkumbatia, lakini gauni lake lilikuwa na unga, na mimi nilipaswa kufika safi. Hilo limenisumbua miaka mingi kuliko linavyostahili.

Kanisani palikuwa na watu wachache. Bibi mmoja alikuja na mtoto mchanga mgongoni. Baba mmoja alimshika mkono mvulana mdogo. Mama wa shirika, aliyevaa jile, kizibao chenye mifuko mingi, alikaa nyuma ya meza ya katekista na simu yake. Nilisubiri zamu yangu nikiwa nimesimama wima.

"Na weye, kamama," alisema, "umekuja na nani?"

"Na mimi."

Aliangalia nyuma yangu, hakumwona mtu. Aliniuliza jina, nikamwambia. Aliniuliza jina la mama yangu.

"Ule wa kweli siyue," nilisema. "Alikufa. Iko ku kikuta yangu."

Nilifungua ngumi. Aliichukua ile sarafu, akaigeuza, akaangalia miviringo, akaangalia weusi.

"Nani alikuambia ni bile?"

"Nilisoma."

Hakucheka, na popote alipo leo namshukuru. Aliuliza ni nani wananilea. Nikamwambia: Papa wa chukudu, na Mama wa Mpofi, na Koko. Kisha nikaona kwamba nimesahau jambo la lazima. "Uandike kama ni bantu bazuri," nilisema. "Hawakunitesa. Uandike bile, basibafunge."

Nje tulisikia mlio wa breki kwenye mteremko wa kanisa, na harufu ya mpira ikaingia kwa dirisha. Papa alikuwa analeta mbao za viti vipya. Aliingia akipangusa jasho, akauliza azishushe wapi, kisha akaniona mimi katika gauni la misa, siku ambayo siyo ya misa.

"Weye? Unafanya nini hapa?"

Mama wa shirika alinyanyuka na kumpa sarafu. "Papa," alisema taratibu, "mutoto wako anasema hii kikuta inaonyesha yeye si wenu. Amekuja kujiandikisha."

Papa aliitazama sarafu, akanitazama mimi. Aliketi kwenye benchi la kwanza, lile la wazee wa kanisa, akashika magoti yake. Nilifikiri amekasirika kwa sababu nimeijua siri.

"Kuja," alisema mwisho. "Bote, mukuje."

Tulimfuata nje, mimi, mama wa shirika, hata yule bibi na mtoto mgongoni. Papa aliiegemeza chukudu, akapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma. Breki ya chukudu mnaijua: kipande cha tairi la gari kinachoning'inia juu ya gurudumu, ukikikanyaga kinabana mbao. Cha Papa kilishikwa na bulo, bolti moja nene kichwani na nyembamba mwilini. Alitoa spana mfukoni, akaifungua ile bulo, akaitoa, na chini ya kichwa chake, kati ya chuma na mpira, palikuwa na sarafu yenye tundu. Aliiweka kwenye kiganja changu, na yangu kando yake.

Kuzunguka tundu, miviringo, mmoja ndani ya mwingine. Niliigeuza. Nyuma ilikuwa nyeusi.

"Hii nilipata kisha, ku soko ya Pinga," alisema. "Lakini ya kwanza njo hii yako. Tulikuwa tunatoka kwao na mama yako, Mpofi. Tumbo ilikuwa bado wakati wake. Koko alikuwa amenipa kikuta ya mwisho, ya mutoto atakayezaliwa, sababu ile kopo yake ilipotea tulipokimbia. Mama yako aliifunga ku kitenge. Kufika huku ju, maumivu ikaanza. Nikamulaza juu ya chukudu, nikaweka majani ya ndizi chini yake, nikasukuma. Mulima, nikasukuma. Sasa tunafika ku ile mushuko ya mwisho ya kuingia Mweso, nakanyaga breki, naona mpira inatoka. Tundu yake ilikuwa imepanuka, kichwa ya bulo ilikuwa inapita katikati."

"Na kisha?" aliuliza mama wa shirika. Simu yake ilikuwa imezimika mkononi.

"Kisha nini? Kuitelemusha na mikono, siwezi. Kungojea, mutoto hangojei. Mama yako akasema, kamata kikuta. Nikaiweka chini ya bulo, nikafunga. Ikakamata. Nilikanyaga ile breki mpaka chini, mpira inatoa moshi, mama yako anasema pole pole, pole pole. Tukafika ku mulango ya ospitali. Bakiwa banatafuta ufunguo, weye ukatoka."

Yule bibi alisema, "Ee Mungu," akamrusharusha mtoto wake mgongoni.

"Jino yako ilipotoka, niliifungua ku breki, nikamupa Koko," Papa aliendelea. "Alikamata tupa yake, akaangalia. Akasema, hapa nitaandika wapi? Bameshaandika."

Niliangalia miviringo yangu. Kila mmoja ulikuwa mzunguko wa ile bulo, kwenye mteremko ninaoujua, ambao tuliupita kila tulipokwenda hospitali, na Mama akishuka kila mara kwenye chukudu akatembea kwa miguu. Nilidhani anapenda kutembea.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Mama yako hapendi tuongee ile mushuko. Mpaka leo anaiotaka usiku." Papa alinigusa shavu kwa kidole kilichojaa grisi, akalichafua, na sikujali. "Na weye haukuuliza."

Hata hapo bado nilikuwa mimi. Nilimwonyesha ule mkato ukingoni, ambao sikuweza kuusoma. "Na hii?"

Aliinama karibu, akauangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hii ni spana," alisema. "Iliteleza. Mikono ilikuwa inatetemeka."

Mama wa shirika aliinama akanifunga uzi kiunoni juu ya gauni, kwa fundo la haraka ambalo siku nyingine ningelifungua na kulifunga upya. "Basi huyu siandike," alimwambia Papa. "Huyu njo wenu kabisa."

Papa alirudisha sarafu nyingine kwenye breki, akashusha mbao, tukarudi nyumbani. Kabla ya kufika kwetu kuna mteremko mfupi. Alinipandisha mbele yake, akaniambia niweke mguu wangu chini ya mguu wake, juu ya mpira. Nilikanyaga kidogo nikiogopa kuharibu. "Kanyaga," alisema. Nikakanyaga kwa uzito wangu wote, gurudumu likalia, harufu ile ikapanda, na chukudu ikapunguza mwendo chini yangu, ikatii. Wiki nzima nilikuwa nimeshika pumzi. Nilizitoa zote hapo.

Mama alizisikia habari kutoka kwa Papa. Alinipakulia chakula kwenye sahani ya wageni, akakaa nyuma yangu, akaanza kunifungua nywele ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Bahati alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. "Ile ya kitunga ya ndizi," alisema, "nilikuwa nasema tu." Nikamjibu kwamba nilijua. Neema ndiye aliyeuliza jambo la maana.

"Kwa hiyo kesho haufagie tena?"

Sikufagia. Nililala mpaka jua likaingia, na dunia haikuanguka. Siwezi kusema kwamba nilipona siku hiyo. Ningepona, nisingekuwa narudi kujaribu milango. Lakini nilijua kitu kimoja ambacho mwili wangu bado unakikumbuka kuliko kichwa: jinsi inavyokuwa kukosea kabisa, kanuni nzima, na kukuta kwamba ukweli ni mwema kuliko ulivyothubutu kuusoma.

Sarafu ya yule mama wa unga nilikaa nayo mpaka soko la leo. Niliisugua, nikaikagua kwa mwanga wa mlangoni, nikailinganisha na zangu zote. Mistari ile yaweza kuwa ya tupa, yaweza kuwa ya kisu, yaweza kuwa mtoto aliyechezea msumari. Zamani ningetunga maana, nimpe, kisha nisilale. Leo asubuhi nilimkuta akifunua karai lake, nikamrudishia.

"Siyue, mama," nilisema. Nilishangaa jinsi neno hilo, sijui, lilivyo jepesi. "Nimeangalia, siyue. Mama yako alikuwa muntu wa namna gani? Mikono yake ilikuwa inafanya kazi gani?"

Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa, kisha uso ukaanza kumfunguka. Alisogeza karai, akageuza ndoo tupu chini juu, akaipangusa unga kwa kitenge.

"Basi kaa," alisema. "Lakini si habari ya mbio."

Nikakaa, kidole gumba changu kikiwa juu ya ule mkato wa spana, kwenye sarafu yangu mwenyewe.